Hina ya Rutheni

Kidude hakikuwaka. Faiza alibonyeza swichi mara ya tatu, na kile kioo alichokipaka madini ya rutheni, ambacho humulika rangi ya chungwa kikiguswa na samaki aliyeanza kuoza, kikabaki kiza vilevile.

"Basi samaki mzima!" mkuu wa maabara akajigamba. Nguru huyo kamnunua mwenyewe sokoni Darajani asubuhi. Kipande kaleta kupimwa, aliyebaki kampeleka nyumbani, maana leo kawaalika wakwe zake chakula cha mchana. "Pua yangu yatosha. Mtambo huu tuufunge tu."

Faiza akanusa bakuli lenye kile kipande. Chini ya harufu ya ndimu aliyokamuliwa samaki mlikuwa na harufu nyingine.

Akakitazama kioo. Tabaka saba! Mkono wake umezoea kupaka maharusi, na hina ukiirudia ndiyo hukolea. Lakini umeme hupita kwenye rutheni kwa kupokezana, chembe hadi chembe, kama watu wanaopeana ndoo. Foleni ikiwa ndefu, maji yote huishia njiani.

"Ngoja, mzee, nshaujua ubovu."

Akatoa kwenye droo kioo chake cha mwanzo, alichokipaka mara moja tu kisha akakionea haya. Akakidondoshea maji ya nguru, akazima taa, akabonyeza.

Ndevu za mkuu, aliyekuwa kainama kutazama, ziling'ara kama zimetiwa hina.

Alipoinuka, simu ilikuwa sikioni.

"Usipakue!" akampigia kelele mkewe. Akasikiliza. Sauti ikamnywea.

"Wameomba waongezewe?"