Eneo la Utulivu

Waendesha bodaboda walizima pikipiki zao kwenye kona ya mtaa wa Mivinjeni na kuzisukuma kwa mikono, abiria wakitembea pembeni kama wanaosindikiza jeneza.

Mtaa huo uko Tanga, pale nyumba za Chumbageni zinapokwisha na majumba ya Raskazone kuanza. Jumba moja la ghorofa, lililokaa tupu siku nyingi, lilikuwa limenunuliwa na Mzee Alexander, mkubwa wa serikali aliyestaafu. Kabla hajamaliza kushusha mizigo, madiwani waliutangaza mtaa mzima kuwa Eneo la Utulivu. Mtaro wa maji ya mvua wakazi walikuwa wameuomba mpaka walioanza kuuomba wakazikwa. Sheria ndogo ya kelele ilipita kabla chai ya kikao haijapoa.

Aliyekabidhiwa kuisimamia alikuwa Manase, mtendaji wa mtaa, mtu mwenye bidii isiyochagua kazi. Alianza na Yona, seremala, akamtaka azime mashine ya kuranda mbao. Yona alipochukua randa ya mkono, Manase akarudi kumwambia kuwa hata hiyo inakwaruza. Majogoo wote waliliwa. Wanawake wakawa wanabeba kisamvu chao kwenda kukitwanga mtaa wa pili. Kwaya ya Kilutheri ilishauriwa ifanyie mazoezi moyoni.

Kila aliyelalamika alipewa jibu lile lile, kwamba Mheshimiwa amekuja kupumzika. Mheshimiwa mwenyewe hawakumjua, ila kwa kichwa cheupe kilichojitokeza dirisha la juu kila asubuhi, kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kikarudi ndani. Yona alisema mzee anatafuta wa kumshitaki.

Ng'ambo ya jumba hilo aliishi Mwanasiti, mjane aliyekuwa akikaanga bagia mlangoni pake. Binti yake wa pekee, Najat, alikuwa anaolewa. Tangu Najat yuko mgongoni, Mwanasiti alikuwa amejiapiza kumtoa kwa vugo, wanawake wakiteremka barabarani wakigonga pembe za nyati na kuimba mpaka sauti zikauke. Yeye mwenyewe alitolewa hivyo.

Akaenda kumwomba Manase kibali. Manase alifikiri sana, kisha akasema vugo haikukatazwa, mradi pembe zisigongwe. Wanawake wangeweza kupita nazo mikononi.

"Na nyimbo?" Mwanasiti aliuliza.

"Nyimbo mnaweza kuzikumbuka."

Aliporudi nyumbani, Najat aliusoma uso wake kabla hajavua ushungi. Akamwambia basi, waache ngoma, wasome dua tu, inatosha. Katazo Mwanasiti angeweza kulimeza. Kilichomchoma ni mwanawe kumwonea huruma.

Alasiri ile ile alivaa buibui lake akavuka barabara. Mlinzi wa jumba alikuwa amelala fofofo, kwa kuwa siku hizi hakukuwa na cha kumwamsha. Mwanasiti alibisha kwa ukucha. Mzee Alexander akafungua mwenyewe, amevaa sweta na ndara.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, karibu."

Hakuingia. Aliona akikaa ataishiwa na maneno, akayatoa yote pale pale mlangoni. Alisema anajua mzee anapenda ukimya, na mtaa umeutunza. Anaomba jioni moja tu ya mwanawe. Msafara utapita upesi, na baada ya hapo hatasikia tena hata kikohozi.

Mzee akauliza ni ukimya gani anaousema.

Mwanasiti akamweleza, ya Yona, ya majogoo, ya kwaya, ya pikipiki zinazosukumwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kuegemea fremu ya mlango, mwisho akakaa juu ya ngazi. Akasema mkewe alipofariki alibaki peke yake milimani Lushoto. Ukungu ukishuka, alikuwa hasikii kitu ila saa ya ukutani. Siku moja gari lake lilipita Mivinjeni, akasikia nyundo, watoto, wanawake wakicheka. Akamwagiza dalali amtafutie nyumba mtaa huo huo, hata ikiwa mbovu.

"Nilipohamia nikadhani nimekosea mtaa," alisema. "Jana nimemwambia dalali anitafutie nyingine, penye watu."

Akaingia ndani kuwapigia simu madiwani.

Vugo ilipita Ijumaa, pembe zikilia mpaka mbwa wa Raskazone wakaitika. Mzee Alexander alitoka getini, akapewa pembe yake, akawa anaigonga nje kabisa ya mapigo, na hakuna aliyemrekebisha. Najat alilia chini ya mtandio, kisha akacheka. Mwanasiti aliimba mpaka sauti ikamwisha.

Madiwani nao walisikitika sana kwa kumkosea Mheshimiwa. Wakakutana kwa dharura kurekebisha kosa lao.

Jumatatu wageni walikuwa wameondoka, na Najat amekwenda kwa mumewe. Mwanasiti, miguu imemvimba na sauti bado haijarudi, aliliacha karai la bagia jikoni akajinyoosha mkekani. Nje mashine ya Yona ilikuwa ikinguruma, ingawa siku hiyo hakuwa na ubao hata mmoja. Mtu akapiga hodi.

"Mama Najat," alisema Manase kwa masikitiko, "tangu asubuhi nyumba hii haijapiga kelele yoyote. Imenibidi nije na faini."