Kipande Kisichopatikana

Kompyuta ya hospitali iliungua asubuhi. Nakala ya orodha ya wachangiaji damu ilikuwepo, lakini ilifunguka kwa programu moja tu ya zamani. Raya, fundi wa kompyuta, akasakinisha kwenye mashine mpya zana ya kuandikiwa amri, ile inayokwenda mtandaoni kuleta vipande vyote ambavyo programu inavitegemea.

Vipande vikaingia kimoja kimoja, hamsini, sitini. Kisha yakatokea maandishi mekundu: kipande kimoja hakipatikani. Aliyekitengeneza, mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, alikuwa amekiondoa mtandaoni.

"Mwanangu, vipi?" Nesi Mwanakombo aliuliza mlangoni. "Yule mzazi aliyejifungua leo damu bado inamtoka. Tunataka mtu wa kundi O hasi."

"Majina yamo humuhumu, mama. Hayafunguki."

Akarudia amri. Akajaribu toleo la nyuma la kipande kile, kisha la nyuma zaidi, na kila mara zana ikamjibu yaleyale. Hakuwa na amri nyingine aijuayo.

Akainuka, akatoka hadi uani walikoketi wagonjwa na jamaa zao. "Jamani," akapaza sauti, "kuna mwenye damu ya kundi O hasi?"

Watu wakatazamana. Nyuma kabisa mkono mmoja ukainuka hadi usawa wa paji la uso. Jua lilikuwa kali, na Raya akabaki amesimama, asijue kama mtu yule anajitolea au anakinga macho.