Wembe wa Reine

Yule tunayemuita Reine, yaani malkia kwa Kifaransa, bibi ya pasta wetu hapa Uvira, nilimnyoa Jumamosi mlango ukiwa umefungwa. Kichwa chake kilijaa vidonda, na usaha uliganda kwenye wembe. Aliniapisha ninyamaze.

Jumapili wamama walimuona kanisani, upara unang'aa, vidonda amevificha kwa vipodozi. Leo wamejaa kwenye saluni yangu.

Shuleni tulisomeshwa juu ya malkia wa Ufaransa aliyetokwa na nywele, akakata zilizobaki, na wanawake wa jumba la mfalme wakamuiga. Tulicheka.

Pudentienne akakaa wa kwanza. "Uninyoe kama Reine."

Nikafungua wembe mpya.

"Hapana. Miye nataka ule wake. Iko na baraka."

Macho yangu yakakimbilia kopo la takataka, nilikoutupa Jumamosi. Akauokota, akaupangusa kwenye kitenge chake, akanipa.

Kitenge kikabaki na doa la manjano. Akainamisha kichwa.