Salamu za Hoteli

Ukasha alifika Busiu jeneza likiwa limekwisha kufungwa. Malori yaliyokwama njiani yalimchelewesha, na watu walikuwa wamekwisha kumtazama marehemu kwa mara ya mwisho. Sasa walikaa chini ya turubai, wakingoja neno la mwajiri.

"Mkubwa wa hoteli amefika," mtu akasema, na njia ikafunguka.

Hakuwa mkubwa wa hoteli. Alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika hoteli moja ya Jinja, Mnubi wa mjini, ambaye kila mtu alimwita afande kwa sababu babu yake alikuwa askari na yeye mwenyewe hakujua kuzungumza bila kuamrisha. Mwaka huo kazi yake ilikuwa kuziba mapengo. Wapishi walihamia hoteli jirani, wahudumu walikimbilia Arabuni, na kila aliyebaki alibeba mzigo wa watu wawili. Tajiri mwenye hoteli hakutaka kusikia habari za kuajiri wengine. "Wabane hao hao waliopo," alisema.

Ndipo ukaja mkutano mkubwa na vyumba vyote vikajaa. Asubuhi moja Ukasha alikuwa kwenye simu akisaka wahudumu wa kuazima, mtu akasimama mlangoni na kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Ukasha hakuinua kichwa.

"Mkutano uishe kwanza. Ukienda wewe, nani atashika nafasi yako?"

"Sawa, afande," sauti ikajibu, ndogo, kavu. Kisha nyayo zikajikokota kurudi zilikotoka.

Mkutano ulipoisha, Christine wa mapokezi hakuonekana kazini. Simu yake haikupatikana. Wiki hiyo kila kitu kilikwenda mrama. Hata mashuka yalichelewa kutoka dobi, chumba cha kufulia; Ukasha akafoka, akaagiza kibarua wa kufua atafutwe haraka. Alikuwa bado anafoka simu ilipoingia kutoka Busiu. Mzee mmoja, sauti ikikatikakatika, alisema binti yao wa hotelini amefariki, atazikwa kesho.

Ukasha akakaa. Christine! Kwao ni Busiu. Kila akitoka kuwatazama wazazi alimletea chane la ndizi na utani wa kumchekesha. Tangu saa hiyo sauti ile ya mlangoni haikumpa nafasi. Usiku kucha aliisikia ikisema sawa, afande.

Tajiri alimpa unga na sukari vya kupeleka msibani, pamoja na agizo moja: "Ukirudi, uje na msichana wa kushika nafasi yake."

Mwenyekiti wa kijiji alisimama kando ya Ukasha ili amtafsirie kwa Kigisu. Ukasha alikuja na jina la Christine mdomoni, lakini hapo kila aliyetangulia kusema alimtaja marehemu kwa jina la Khainza. Hakushangaa. Mtu huwa na jina la kanisani na jina la nyumbani, na adabu ni kufuata la nyumbani.

"Ndugu zangu," alianza, "hoteli yetu imepata hasara kubwa. Mgeni alipoingia, wa kwanza kumkaribisha alikuwa Khainza. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani."

Mwenyekiti hakutafsiri. "Kicheko, afande?"

"Ndiyo. Waambie."

Akawaambia. Mtu akakohoa nyuma, mwingine akainama kuangalia viatu vyake. Namono, mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani akiegemea jeneza, akainua macho na kumkazia Ukasha.

Macho yale yalimchoma. Alijua sasa ndipo mahali pa kusema lile lililomleta: kwamba aliombwa ruhusa akainyima. Neno lilifika kooni. Akalimeza.

"Hata Wazungu walimpenda," akasema badala yake, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. "Walikuwa wanaulizia yuko wapi yule binti mcheshi. Mama, hatutawatupa. Nafasi yake pale mapokezi iko wazi. Kama ana mdogo wake, nitaondoka naye leo."

Mwenyekiti alitafsiri polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Alipomaliza, watu wakatazamana. Ukasha akaona ni uchungu tu. Msiba ni msiba.

Wakazika. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, ukaanguka juu ya mbao kwa kishindo, na Namono hakulia. Alisimama tu, akimtazama mgeni wa Jinja kila alikokwenda.

Baadaye wakampa Ukasha kiti cha heshima karibu na jiko la nje, na binti mmoja aliyejifunga leso kiunoni akaja na birika na beseni, akapiga magoti mbele yake ili anawe. Ukasha alinyoosha mikono bila kumtazama.

"Pole na safari, afande."

Mikono ikaganda juu ya beseni. Ukasha akatazama. Macho ya Christine yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Khainza alikuwa binamu yangu," Christine akasema, akiendelea kumimina maji. "Alianguka kazini kwake kule dobi, juu ya mashuka. Nikamleta hospitali hapa Mbale, lakini tulikuwa tumechelewa. Sasa mama yake ameona aibu kukuuliza mbele ya watu, akanituma mimi. Anasema amekusikia vizuri sana, anashukuru kwa unga na sukari, ila anataka kujua: yule uliyekuwa unamlilia ni nani?"