Kosa la Saba

"Mwanamke, karibu na mlango. Aingie kwanza," mashine ikasema.

Salhiya akainuka, akatazama. Upande wa mlango alikuwapo Mzee Msabah peke yake, fundi seremala, kidole kimefungwa kitambaa.

"Leo nshakuwa mwanamke," Mzee Msabah akasema, na benchi zima likacheka.

Salhiya hakucheka. Akabonyeza kitufe cha kukataa, akaandika daftarini: kosa la tano.

Mashine ilikuwa na wiki tatu pale kwenye kituo cha afya, njia ya Mangapwani. Jicho lake juu ukutani lilimtazama kila aliyemo chumbani, uso wake na pumzi zake, kisha mashine ikataja nani amuone daktari mwanzo. Salhiya, aliyekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyepewa kazi ya kuipima. Kesho angetoa ripoti. Akisema ni salama, ingeachiwa iamue peke yake. Alilolihofia ni moja: mtu kufia pale pale huku mashine ikiita mwengine.

Ndiyo maana hakukosa hata siku moja, ingawa uchovu wa wiki hii ulikuwa wa kumlaza chini. Aliulaumu muhogo wa jana, uliomkalia kifuani tangu alfajiri.

"Mwanangu, mbona jasho, na baridi yote hii ya kipupwe?" Bi Maisara akamuuliza kutoka benchini.

"Sijambo, bibi. Nshachoka tu."

"Basi kaa. Liache hilo lidude lipige kelele zake."

Alikuwa ndiyo kwanza aketi, mashine ikaita tena. Mwanamke, karibu na mlango. Salhiya akajikokota mpaka kizingitini, akachungulia nje. Kuku tu. Kosa la sita.

Daktari Mudrik akatoa kichwa chumbani mwake, akauliza kama kuna dharura. Salhiya akamjibu hakuna, ni mashine imeharibika.

"Basi amua wewe," daktari akasema. "Sisi tunakuamini wewe." Akarudi kwa mgonjwa wake.

"Mwanamke, karibu na mlango. Upesi."

Kosa la saba, Salhiya akaandika. Inaita wagonjwa wasiokuwapo. Isiachiwe.

Akaizima. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, maana ulikuwa umekufa ganzi, akarudi kuketi kwenye kiti chake, karibu na mlango.