Liwa Shavuni

"Mwanangu nnampaka liwa uso ung'are," mama mwenye jumba la mtaa wa Qurum alimwambia mkaguzi wa serikali aliyekuja kumwona bintiye.

Rahila, mhudumu wa binti huyo asiyeweza kusema wala kutembea, alikuwa akikamua kitambaa cha maji. Mwaka jana angenyamaza. Lakini sheria mpya ya wahudumu ilimsomesha, ikampa leseni, ikamtaka asifiche jeraha.

Akalipangusa shavu la binti linalonukia msandali. Chini ya liwa zikatokea alama za vidole vinne zilizovilia damu, na mchubuko wa pete.

"Mwanaharamu we!" Mama akamzaba Rahila kofi, damu ikamchuruzika shavuni.

Rahila hakujipangusa. Aliinama, akaweka shavu lake kando ya shavu la binti.

"Tazama, bwana," akamwambia mkaguzi.

Mama akauficha mkono wenye pete.