Naomba Kiti

Kila asubuhi mume wangu Hemedi hunifunga bandeji mikononi huku akinikumbusha nilinde kidevu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Katika ofisi yetu ya pamoja, kama ilivyo mji mzima, meza hazikodishwi tena, zinapiganiwa. Ukishika kiti cha mtu ukasema, "Samahani, naomba kiti," ni lazima ainuke mpigane. Atakayebaki amesimama ndiye atakayekaa.

Leo nilimwendea mzee Kapinga, mchora ramani, mwenye meza ya dirishani. Juzi tu aliniazima chaja yake.

"Samahani, mzee wangu, naomba kiti."

Alivua miwani, akaikunja taratibu. "Karibu, mwanangu."

Ngumi yake ya kwanza ilinipasua mdomo. Nikamkaba shingo, nikamgonga kichwa kwenye ukingo wa meza mpaka akalegea. Hakuna aliyevua hedifoni. Walinzi wa ofisi walipomburuta nje, nilifuta damu, nikafungua kompyuta, nikaanza kazi. Meza ya dirishani ina upepo mzuri sana.

Jioni nilirudi nyumbani jino likicheza. Hemedi alikuwa amepika ndizi. Nilikaa mahali pangu mezani, na binti yetu Tunu, wa darasa la pili, akaja nyuma yangu akashika kiti.

"Samahani, mama, naomba kiti."

Nilicheka. Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa imefungwa bandeji vizuri kabisa, kwa fundo lilelile la Hemedi.

Nikamgeukia Hemedi. Alikuwa anaondoa glasi mezani, moja moja.